Mawe Hayafunikwi

Jumanne iliyopita fundi kijana alikuja na mashine ya grainda kusafisha jiwe la kaburi la Baba. Ndirangu, mdogo wangu, ndiye aliyemwita. Alitaka pale nyumbani paonekane pa heshima kabla ya Mama kulazwa kando ya Baba siku ya Ijumaa, na jiwe lile lilikuwa limeingia weusi na kuota ukoga wa kijivu. Mimi nilikuwa jikoni nikiosha sufuria za kukodi. Nikasikia mlio, kisha upepo ukaleta vumbi mpaka mlangoni. Nilipolinusa niliangusha sufuria.

Kila mmoja wetu wa rika hili ana harufu yake ya utotoni. Kuna wa mafuta ya taa, kuna wa madaftari mapya, kuna wa maziwa yaliyomwagikia makaa. Yangu ni vumbi la jiwe lililokatwa. Kwanza hunukia kama mvua inayogonga barabara kavu, halafu hugeuka kitu kikali kinachokwaruza koo. Baba alirudi nayo nyumbani kila siku, kwenye nywele, kwenye kope, kwenye mfuko wa shati alimoniwekea kipande cha mkate. Mkate ule ulikuwa ukikwaruza meno, na mimi niliudhani mtamu kuliko mkate wa watoto wengine kwa sababu hiyo.

Nilikimbia nje mikono ikiwa na povu.

"Wacha! Zima hiyo kitu!"

Fundi alizima, akavua miwani. "Kwani nini, madam? Nimeambiwa niichune mpaka ikuwe kama mpya."

"Na nani alikwambia jiwe huchunwa?"

Alikuwa ameshachuna nusu. Upande wa kushoto ulikuwa mweusi, mgumu, wenye mikwaruzo ya miaka. Upande wa kulia ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ulipendeza, siwezi kukataa. Nikapitisha kidole upande huo, zikabaki punje kidoleni kama unga wa mahindi. Nilijua kwamba masika mawili yakipita hapo jina la Baba litabaki nusu. Hayo Baba alinifundisha kabla sijajua kusoma. Balaa yangu ni kwamba nilishika nusu ya somo, nikakaa nayo kwa ujasiri wote wa mtoto mjinga.

Baba alichonga mawe. Machimbo yalikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu, upande huu wa Mweiga ambako watu wengine wote walilima viazi na kukamua ng'ombe. Yalikuwa shimo kubwa lenye kuta zilizonyooka, na chini yake wanaume walikaa juu ya magunia, kila mmoja na nyundo na tindo, wakichonga jiwe moja baada ya jingine tangu umande ukauke. Hawakufunga chochote usoni. Aliyefunga leso puani alitaniwa kwamba anaenda harusini.

Sisi tulikaa nyumba ya mbao. Upepo wa milima ya Aberdare ulipita katikati ya ubao na ubao bila kubisha hodi. Baba alikuwa amemwahidi Mama nyumba ya mawe, na kila mara alipopata mawe yaliyokataliwa na wenye malori kwa sababu yamevunjika pembe, aliyaleta kwa mkokoteni wa punda na kuyapanga nyuma ya nyumba. Yalipangwa kwa nafasi, jiwe na jiwe yasigusane sana, juu ya vijiti, wazi kabisa kwa jua na upepo. Watu walimcheka. Kwa nini hajengi, mawe yapo? Yeye alisema mawe bado hayajawa tayari.

Siku moja aliniita, akanipa msumari. Mimi nina jina la mama yake, ndiyo maana hakuniita Muthoni. Aliniita maitu, yaani mama yangu, na alizungumza nami kwa adabu ambayo watoto wengine wa darasa la pili hawakuipata kwa baba zao.

"Kwaruza hii, maitu. Hii nimeleta jana."

Nikakwaruza. Msumari ukazama kama kwenye sabuni.

"Sasa hii. Hii imemaliza mwaka hapa."

Msumari uliteleza, ukalia, haukuacha hata alama. Nilijaribu tena kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Yeye akafurahi sana, kana kwamba ni mimi niliyefaulu mtihani.

"Jiwe ikitoka kwa udongo iko na maji yake," alisema. "Hiyo maji inatoka polepole, inabeba chumvi ya ndani, inakuja kuiacha hapa nje. Unaona hii nyeupe? Ukiona nyeupe, ujue inafunga ngozi. Usiiguse. Usiifute. Na usifunike jiwe hata na gunia, itabaki na jasho ndani, haitawahi kuwa ngumu. Iache ipigwe na upepo."

"Na ndani?"

"Ndani inabaki vile iko. Hata inakuwa dhaifu kidogo, maanake nguvu yote imekuja nje. Ndio maana ukiichuna, umeiua."

Hiyo sentensi ya mwisho kuhusu ndani niliisikia na sikuishika. Mtoto hukumbuka kile alichokishika kwa mkono, na mimi mkononi nilikuwa na msumari.

Nilichukua kazi ya kulinda mawe. Ile nyeupe ilitokea baada ya wiki chache, kwanza kama vumbi la chaki, kisha ikashikana kama ukoko chini ya sufuria. Ng'ombe wa Mama Gathoni, jirani yetu, alikuwa akivuka ua kuja kuilamba, na mimi nilimfukuza kwa fimbo nikimtukana kwa maneno niliyoyatoa kwa watu wakubwa. Akishaondoka nililamba mwenyewe, sehemu ndogo ambayo Baba hangeiona. Ilikuwa na chumvi na uchungu, na ladha ya udongo nyuma yake.

Kikohozi cha Baba kilianza kidogo kidogo hata hatujui kilianza lini. Kwanza kilikuwa cha asubuhi. Baadaye Baba alikuwa anasimama katikati ya njia ya kurudi nyumbani, anashika nguzo ya ua, anajifanya anatazama viazi vya watu. Mwishowe hakuweza kupanda kutoka kwenye shimo bila wenzake kumshika. Watu walinong'ona kwamba ni kifua kikuu, wakaacha kuchangia kikombe naye.

Mama alimpeleka hospitali mjini Nyeri, na Baba akataka niende nao. Daktari alikuwa kijana kutoka magharibi mwa nchi, mpole, mwenye sauti ya juu kidogo. Aliiweka picha ya kifua kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. Mimi nilikuwa nimesimama chini yake.

"Mzee, hii si TB," alisema. "Hii ni vumbi. Unaona hii nyeupe yote, huku na huku? Vumbi imeingia, kifua kimeweka makovu, imekuwa ngumu. Haitarudi nyuma. Hiyo kazi ya mawe umalize leo."

Mama alishika mdomo. Mimi nilitazama ile nyeupe na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Ninaliandika hili mkono ukiwa mzito, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliitambua! Ilikuwa ile ile, vidoti vidogo vinavyotokea kwanza pembeni kisha vinashikana. Baba alikuwa ameanza kufunga ngozi. Njia nzima ya kurudi niliwashangaa, yeye akitazama nje, Mama akifuta macho kwa kitambaa cha kichwani, na hakuna aliyefurahi ila mimi.

Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao kwetu jua husikika likisimuliwa tu. Mama aliziba nyufa za ukuta kwa matambara, akafunga dirisha, akamlaza Baba chini ya mablanketi matatu na koti. Alimzungushia shuka kichwani pia. Kila niliposogea kitandani nilimwona akitoka jasho, na jasho lile lilinitia hofu kuliko kikohozi. Nilijua jiwe lililofunikwa huwa nini. Nilimwambia Mama amfunue, akaniambia nikachote maji.

Asubuhi moja Mama alimbeba Ndirangu mgongoni, akapeleka maziwa, na kutoka huko angepitia Mweiga kuchukua dawa. Aliniachia neno moja mlangoni.

"Usiache baba yako apigwe na baridi. Umesikia?"

Nilisema nimesikia. Alipopotea kwenye kona nilifungua dirisha. Nikaondoa blanketi la kwanza, la pili, la tatu, nikayakunja vizuri maana sikuwa mtoto wa fujo. Baba akafungua macho.

"Maitu, unafanya nini?"

"Nakutoa nje ukauke."

Hakuelewa, kwa hiyo nikamweleza yote. Nilimwambia nimeona nyeupe kwenye picha. Nilimwambia amebakisha kidogo tu, ila Mama anamfunika, na yeye mwenyewe alisema mawe hayafunikwi. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilingoja anisahihishe, kwa sababu alikuwa na desturi ya kunisahihisha; nikishika msumari vibaya alinifungua vidole kimoja kimoja. Siku hiyo hakunisahihisha. Leo nina mtoto wa umri ule, na ninapomkumbuka Baba akinitazama vile, naona mtu aliyekuwa anachagua.

"Sawa," alisema. "Nishike mkono."

Tulienda nyuma ya nyumba, hatua tatu tatu, tukipumzika. Alikaa juu ya mawe yake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba na upepo ulikuwa na maji ndani. Nikamwambia avue sweta, akavua, akabaki na fulana. Niliweza kuhesabu mbavu. Alipitisha kiganja juu ya jiwe alilokalia, akalipiga kidogo kwa kidole na kusikiliza.

"Hii imekuwa tayari," alisema. "Hizi zote ziko tayari."

Nilikuwa na msumari wangu mfukoni. Nilichukua mkono wake, nikakwaruza kiganja. Miaka ya nyundo ilikuwa imekifanya kigumu, msumari ukateleza.

"Hata wewe umekuwa tayari," nikamwambia.

Alicheka. Kicheko kiligeuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Nilimpiga mgongo taratibu kama nilivyomwona Mama akifanya. Tulikaa hapo mpaka midomo yake ikawa na rangi ya jiwe lililokwisha kukauka, na mimi nikiona rangi ile nilidhani kazi inaendelea vizuri.

Mama alitupata hapo. Aliangusha mtungi wa maziwa, ukabiringika mpaka kwenye boma la kuku.

"Baba Muthoni! Unataka kufa? Nani amekutoa?"

"Ni mimi nilitaka jua," alisema Baba.

Hapakuwa na jua. Mama alitazama juu, akanitazama mimi. Alimrudisha ndani na kumfunika kwa kila kilichokuwa nyumbani, mpaka mapazia. Mimi nilijitupa juu ya kitanda nikivuta yale mablanketi, nikilia kwamba anamharibu. Akanipiga kofi. Hakuwahi kunipiga kabla ya siku hiyo, wala hakunipiga tena.

Baba alikufa siku ya tatu, asubuhi, akiwa amefunikwa, Mama akiwa amekaa kando yake. Hakuna aliyenieleza kitu. Sikuhitaji kuelezwa, nilikuwa na maelezo yangu.

Siku ya mazishi Mama Gathoni alinishika mkono, tukasimama karibu na shimo pamoja na akina mama wa kanisa. Aliniinamia akaniuliza, kwa huruma ya kweli nadhani, "Sasa baba alishikwa na nini, mtoto wangu?"

"Alikuwa anapona," nilisema. Nilikuwa na sauti kubwa wakati huo. "Ni Mama alimfunika na blanketi, zote, mpaka kichwa. Mimi nilitaka kumfunua akanipiga."

Wimbo uliokuwa ukiimbwa ulipungua upande wetu. Wanawake walitazamana juu ya kichwa changu. Niliona kwamba wameelewa, na nilifarijika, maana hatimaye watu wazima walikuwa wameona kosa la Mama kama nilivyoliona mimi.

Hakuna aliyemwambia Mama chochote usoni. Ingekuwa afadhali wangemwambia, angejibu. Walichofanya ni kupunguza. Kikundi cha akina mama kilichokuwa kikikutana kwetu kilihamia kwingine na hakikurudi. Waliokuja walisimama uani, wakasema hawana kiu. Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi kila mara. Mama aliyatazama hayo yakikauka juu yake, akaendelea kukamua na kulima. Alikuja kuwa mwanamke ambaye watu walimsifu kwa ugumu. Hakulia mbele ya mtu. Mawe ya Baba yalibaki nyuma ya nyumba, yakaota ukoga, hakuna nyumba iliyojengwa. Moja tu ndilo lililotolewa likachongwa jina lake.

Kuna jambo moja nililiona na ningependa nisingeliona. Ndirangu alipokuwa na miaka mitano alishikwa na nimonia, akatetemeka mchana kutwa. Mama alisimama kando ya kitanda na blanketi mkononi. Hakumfunika. Alinituma mbio nimwite Mama Gathoni, na alipofika akampa lile blanketi.

"Mfunike wewe," alimwambia. "Mimi nitachemsha maji."

Alisimama mlangoni, mikono nje, mahali ambapo kila mtu angeiona. Mama Gathoni alimfunika mtoto bila kuuliza kwa nini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na sikuelewa chochote.

Nilielewa kidato cha pili, kwenye somo la jiografia, katikati ya wasichana arobaini waliokuwa wakisinzia. Mwalimu alichora jiwe ubaoni, akachora vishale vinavyotoka ndani kwenda nje. Alisema gamba hujengwa kwa madini yanayotolewa ndani, ndiyo maana jiwe la aina hiyo laweza kuonekana zima miaka mingi huku limekwisha kitambo. Nikasikia sauti ya Baba ikisema maneno yale yale. Kisha yakaja mengine kwa mpigo, ile picha dirishani, ukungu, fulana, rangi ya midomo, na sura za wanawake pale kaburini, waliosikia kwangu kwamba Mama alimziba mumewe pumzi. Niliomba ruhusa nikaenda chooni, nikajifungia humo mpaka kengele ikalia.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani nimekariri maneno. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akipukuchua maharagwe.

"Mama, ile siku..."

"Siku gani?"

Mikono yake ilisimama. Aliniinulia macho na nikaona kwamba anajua kabisa siku gani, na kwamba amekuwa akingoja. Angeweza kuuliza zaidi. Mimi ningeweza kusema.

"Siku ya kufungua shule," nikasema. "Nilikuwa nauliza ni lini."

"Utaangalia kwa barua," alisema, akarudia maharagwe yake.

Nimekuwa mwoga kwa miaka mingi tangu hapo. Kila mara nilikuwa na sababu: kwanza mtihani, kisha kazi, kisha harusi, kisha afya yake. Nilimjengea nyumba ya mawe ya kununuliwa nikadhani hilo litasema badala yangu. Aliingia, akashukuru, akalala humo. Mwezi uliopita akafa hospitalini nikiwa njiani.

Ijumaa watu walijaa mpaka barabarani. Akina mama wa kanisa walikuja wote na vitambaa vyao vyeupe, wakaimba vizuri sana, nami nikawachukia wakiimba. Mchungaji alisema Mama alikuwa mwamba. Nilitazama jiwe la Baba nyuma yake, nusu jeusi, nusu la rangi ya chai, na chini ya upande uliochunwa kulikuwa na mstari wa unga kwenye majani.

Nilipopewa kipaza sauti niliweka chini karatasi ya wasifu. Nilisema mimi ndiye niliyemtoa Baba kwenye baridi. Nilisema Mama alimfunika kwa sababu alitaka aishi, na kwamba maneno niliyoyasema hapa hapa nikiwa mtoto yalikuwa ya mtoto asiyeelewa, na kwamba nimeyaelewa kitambo na nikanyamaza. Sikulia. Ndirangu alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama gari likiacha barabara. Kina mama wakatazamana, safari hii kwa kutoelewa.

Nilipopita karibu na viti vya mbele, Mama Gathoni alinishika mkono. Amezeeka, macho yana ukungu. Alinivuta mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Usijisumbue, Muthoni," alisema kwa upole. "Ati hiyo maneno? Sisi tulisahau hiyo kitambo sana."

Nilimshukuru.

Kwetu familia hutangulia kutia udongo. Watu huchota kidogo kwa mkono mmoja, wanarusha, wanawapisha wengine. Mimi nilipiga magoti kwenye ukingo, nikachota kwa mikono miwili, nikachota tena, na tena, mpaka Ndirangu akanigusa bega. Sikusimama mpaka sikuona tena mbao za jeneza. Nilimfunika Mama mwenyewe, watu wote wakinitazama.